Kveik kwa anayeanza kupika bia: mpe joto, mpe chakula

Nyie mnaoanza kupika bia nyumbani, najua wengi mnaitaka kveik sababu mmesikia inamaliza kazi siku 3 au 4, na ni kweli inamaliza, ila sharti uipe joto. Hii ni hamira ya wakulima wa magharibi mwa Norwei, kule Voss wanaitia kwenye maji ya kimea yakiwa bado na nyuzi karibu 40, joto ambalo hamira ya kawaida ingekuachia bia inanuka thina ya rangi. Ukiyapooza mpaka 20 kama ulivyozoea kusoma, itachacha lakini kwa kusuasua. Lenga 35 hivi. Hata Dar au Mombasa na joto letu lile, chumba cha nyuzi 30 bado kiko chini kidogo, funga ndoo na blanketi ukishatia hamira tu, kuchacha kwenyewe kunatoa joto, na lita 20 zinalitunza vizuri kuliko lita 5.

Watu wengi wanakwamia kwenye chakula. Wale wakulima bia zao nzito, kimea kimejaa, sasa we ukipika nyepesi ya asilimia 4 au ukijazia sukari, hamira inakosa virutubisho inalala katikati. Tia virutubisho vya hamira dakika 10 za mwisho za kuchemsha, na yakishapoa tikisa ndoo sana yapate hewa.

Halafu jamani msifunge chupa kwa kuhesabu siku!! Povu kushuka siku ya 2 sio ushahidi, haidromita (kile kipimo kinachoelea, kinaonyesha sukari iliyobaki) isome namba ileile siku 2 mfululizo ndo ufunge, chupa ikilipuka inaumiza mtu. Sukari ya kuleta gesi, ile unayotia wakati wa kufunga, gramu 6 kwa lita inatosha, chupa ziache penye joto kama wiki hivi.

Ladha ya kveik ya Voss ni ya machungwa, naipenda sana, msiizike kwenye hopsi nyingi, yale maua yanayoipa bia uchungu.

Na msimwage ile hamira iliyotuama chini, Wanorwei walikuwa wanachovya gogo lililotobolewatobolewa au pete ya vijiti wanaitundika ikauke mpaka bia ijayo. We paka nyembamba kwenye karatasi ya kuokea iliyo safi, ikauke penye hewa isiyo na vumbi, ivunjevunje uweke freeza, ukipika tena kijiko kidogo cha chai kinaanzisha ndoo nzima.