GPS ya wapanda mlima ndani ya ndege ndogo: itayarishe ukiwa chini

Kifaa kama Garmin eTrex kilitengenezewa mtu anayekwenda kilomita tano kwa saa. Kwenye Cessna 172 inayokwenda noti 100 (maili 100 za baharini kwa saa), kila sekunde umekwisha kupita mita 51, na kosa dogo la mipangilio linakua haraka. Karibu yote hurekebishwa ndege ikiwa imeegeshwa. Ukisharuka, menyu iache.

Weka umbali kwa maili za baharini, kasi kwa noti, kimo kwa futi. Datamu, yaani msingi wa kuhesabia mahali, iwe WGS 84, inayotumika kwenye ramani za anga. Ramani nyingi za zamani za ardhi za Kenya na Tanzania zilichorwa kwa datamu nyingine, Arc 1960. Ukinakili viwianishi vyake (namba za latitudo na longitudo) hivyo hivyo, alama yako, yaani mahali ulipohifadhi kwenye kifaa, inahama takriban mita 300. Kwa kiwanja cha nyasi kilichojificha porini, hizo ni nyingi. Mwelekeo usomeke kwa kaskazini ya sumaku, ulingane na dira ya ndege. Arusha na Nairobi tofauti yake na kaskazini halisi haifiki digrii mbili, kwa hiyo aliyekosea hapa hagundui. Cape Town inazidi digrii 20. Chagua pia safari ya mstari ulionyooka, la sivyo kifaa kitakupeleka kwa barabara ya Namanga.

Kosa linaloongoza ni la kuingiza viwianishi. Ramani ikitoa sekunde, nacho kifaa kinataka dakika zenye desimali, gawanya sekunde kwa 60. Sekunde 45 ni 0.75 ya dakika; ukiandika .45 umekosea zaidi ya nusu kilomita. Sisi wa karibu na ikweta tuna mtego wetu: ukiacha N (kaskazini) badala ya S (kusini), uwanja wa Arusha unahamia karibu na Ziwa Turkana. Dawa ni kupima umbali kwa rula kwenye ramani na kuulinganisha na wa kifaa. Uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi Arusha ni kama maili 123 za baharini. Ukiona 280, rudi kwenye alama.

Kiweke juu ya dashibodi karibu na kioo, kwa sababu bawa la juu la Cessna huziba anga. eTrex ilale ikitazama juu. Zenye antena nene iliyochomoza zisimame wima. Kisikae karibu na dira ya ndege, na dira yake ya ndani izime. Inachoonyesha GPS ukiwa mwendoni ni njia unayopita juu ya ardhi, si pua ilikoelekea, na upepo wa ubavu huzitenganisha hizo mbili.

Setilaiti zikipotea kila unapobonyeza redio, tazama masafa ya redio, kwa sababu redio hutoa pia mawimbi dhaifu kwenye mazidisho ya masafa yake. Mara 13 ya 121.150 ni 1574.95, jirani kabisa na 1575.42 MHz ya GPS. Sogeza kifaa mbali na antena ya redio.

Kimo unachomripotia mwongoza ndege ni cha altimita, yaani kipima kimo cha ndege, iliyowekwa QNH (shinikizo la hewa unalopewa na mwongoza ndege), kamwe si cha GPS.

Na kabla ya kuufuata mstari wowote, uchore kwenye ramani. Mstari kutoka uwanja wa Arusha hadi kiwanja cha Amboseli unapita chini ya maili moja kutoka kilele cha Meru, chenye futi karibu 15,000. Kilele kiko maili kumi tu kutoka unakoruka, yaani dakika sita kwa noti 100, na ungehitaji kupanda zaidi ya futi 10,000 ndani ya muda huo. Cessna 172 haiwezi hata nusu ya hiyo. Weka alama za kuzungukia mlima, kisha agiza kifaa kihamie alama inayofuata ukiwa umbali wa maili moja. Vikiachiwa vyenyewe, baadhi ya vifaa husubiri uikanyage alama na hukwambia urudi nyuma.

Betri za AA ziwe mpya, na jozi nyingine mfukoni. Kila dakika kumi andika saa kwenye ramani ya karatasi, kwa penseli, pale ulipo. Kioo cha kifaa kikizima, unaendelea kutoka hapo kwa dira na saa.