Maswali ya Wasomaji: Mume Wangu Alinusurika Ziwani, Mwenzake Akazama

SWALI: Mchungaji, Bwana asifiwe. Mume wangu ni mvuvi wa omena katika Ghuba ya Winam. Mwezi uliopita, usiku wa giza, dhoruba ilipindua mashua yao. Yeye alishikilia mtungi wa plastiki hadi wavuvi wengine walipomkuta alfajiri, lakini mwenzake, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza maombi kabla ya kuingia majini, alizama. Sasa kanisani wananitaka nisimame Jumapili nishuhudie kwamba Mungu alimlinda mume wangu kwa sababu ya maombi yetu, na mjane wa yule mwenzake huketi safu ya mbele yangu. Nitasema nini? Isitoshe, mume wangu amekataa kununua jaketi la kuokolea maisha. Anasema Mungu ndiye jaketi lake.
Mama mchuuzi wa omena, Kisumu

JIBU: Bwana asifiwe sana, mama, na poleni kwa msiba, maana najua kwamba watu wanaovua katika mashua moja huwa kama ndugu.

Kushukuru ni haki yako, na mtu asikuzuie. Simama useme yaliyotokea: mashua ilipinduka, mume wangu akarudi nyumbani, namshukuru Mungu. Ishie hapo. Ukianza kueleza kwa nini yeye alirudi, mjane yule atasikia na jambo ambalo hukulitamka, kwamba marehemu hakuombewa vya kutosha au hakuwa na imani, ilhali wewe mwenyewe umeandika kwamba ndiye aliyekuwa akiwaongoza wenzake katika maombi.

Soma Matendo ya Mitume sura ya 12. Herode anamuua Yakobo, ndugu yake Yohana, kwa upanga. Kisha anamkamata Petro, naye malaika anamtoa gerezani usiku ule wa kuamkia siku ya kuhukumiwa. Wote wawili walikuwa mitume na wote walipendwa na kanisa lile lile, lakini Luka haandiki hata mstari mmoja wa kueleza kwa nini huyu alikufa na yule akaachwa hai. Ikiwa yeye alinyamaza, sioni ni kwa idhini ya nani sisi tunajitwika kazi ya kueleza. Naye Yesu, katika Luka 13, aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakanusha waziwazi kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu.

Sina shaka kwamba ufuoni kwenu husomwa Zaburi ya 91 kabla ya mashua kusukumwa majini. Wengi wetu tunaikariri mpaka pale malaika wanapoagizwa watulinde, tukachoka kabla ya kufika aya ya 15, ambapo Mungu anasema, “Nitakuwa pamoja naye taabuni.” Asingesema hivyo kama angekuwa ameahidi kwamba taabu haitamfikia mtu wake. Ulinzi ninaouamini mimi, na ambao nimeuona kwa wafiwa wengi niliowazika wapendwa wao, ni kwamba hakuna mahali mtu anapozama ambapo Mungu hayupo. Najua neno hilo halimrudishi marehemu, na sikushauri umwambie mjane kana kwamba linamrudisha.

Afadhali umtembelee kabla ya Jumapili. Mweleze ulichoombwa kufanya, umuulize kama ataweza kuketi akisikiliza. Akisema hawezi, mwambie mzee wa kanisa kwamba ushuhuda wako utangoja. Mungu hatakasirika kwa kucheleweshewa shukrani. Na kwa kuwa wewe ni mchuuzi, unajua vizuri kuliko mimi kwamba mama asiye na mtu mashuani huwa wa mwisho kupata omena ufuoni. Mkopeshe karai moja auze kwa gorogoro sokoni, akulipe jioni. Huenda hilo likamfaa kuliko lolote litakalosemwa kwenye kipaza sauti.

Ama kuhusu mumeo, mkumbushe, kwa heshima, ni nani aliyetumia Zaburi hiyo hiyo kumshawishi Yesu ajitupe kutoka kinara cha hekalu. Alikuwa Ibilisi, na jibu alilopata ni, “Usimjaribu Bwana Mungu wako.” Paulo naye, katika Matendo 27, alikuwa ameahidiwa kwamba hakuna hata mmoja kati ya watu 276 waliokuwa merikebuni atakayepotea, hata hivyo mabaharia walipotaka kutoroka kwa mashua ndogo, aliwaambia askari kwamba mabaharia hao wasipobaki, wao askari hawataokoka. Omena huvuliwa usiku usio na mbalamwezi, na dhoruba za Ziwa Victoria nyingi huzuka usiku, kwa hiyo jaketi na kusikiliza utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ni sehemu ya kazi yake kama taa na nyavu zilivyo. Mtungi ule aliushikilia mpaka alfajiri. Hakuuachilia ili aonyeshe imani.

SWALI: Mimi husafiri kutoka Nakuru hadi Eldoret kila wiki. Kwenye steji mhubiri hutuombea, tunatoa sadaka, kisha dereva anakimbiza matatu ajabu. Nikimwambia apunguze mwendo, abiria huniuliza kama siamini maombi tuliyofanya. Je, nimekosa imani?
Msafiri, Nakuru

JIBU: Hujakosa. Sheria inataka matatu isizidi kilomita 80 kwa saa, na dereva anayeivunja baada ya kuitikia “Amina” ndiye anayepaswa kuulizwa juu ya imani yake. Mwambie tena, kwa sauti inayosikika. Asipokubali, shuka penye kituo chenye watu, hata kama nauli ya kufika Eldoret umekwisha kuilipa, upande gari jingine.