Shokapu ya Mbele Ikigoma, Usikimbilie Kutoa Upepo

Dalili yake kwenye baiskeli yenye shokapu ya upepo inajulikana: kwenye vijiwe vidogo shokapu imekaa kama chuma, ukifika shimoni inazama ghafla. Wengi hutoa upepo kidogo. Inalegea, ndiyo, ila hailainiki. Sasa inagonga mwisho na ganzi ya mikono iko palepale. Mara nyingi kinachogoma ni msuguano.

Anza na ekseli ya gurudumu la mbele, maana haigharimu kitu. Ikikaza miguu ya shokapu vibaya, mirija inayong'aa hukaa upande na kubana kwenye bushi (pete za ndani ya miguu zinazoongoza mirija). Ilegeze bila kuichomoa, kandamiza usukani mara kadhaa miguu ijipange, kisha kaza kwa kipimo cha mtengenezaji. Ikiwa ilikuwa laini ekseli ikiwa imelegea, na ikagoma tena baada ya kukaza, hapo ndipo penyewe.

Kama siyo ekseli, pindua baiskeli magurudumu juu, uiache usiku kucha. Chini ya kila sili ya vumbi (mpira unaozunguka mrija juu ya mguu) kuna sponji ya mviringo inayopaswa kulowa oili, na baiskeli iliyokaa wiki kadhaa huikausha. (Breki za oili: piga leva mara chache kabla ya kuondoka, huenda hewa imehama.) Ikilainika kwa safari moja tu kisha ikarudia, oili ya chini imekwisha au imechafuka, hivyo itabidi uifungue.

Kabla ya kuifungua, andika kipimo cha upepo, kisha utoe wote, polepole. Hapa sukuma shokapu kwa mkono. Bila upepo inatakiwa iteleze. Ikishika mahali palepale kila mara, shuku bushi au mrija uliopinda. Ikiteleza vizuri, ila inagoma ikijazwa, tatizo liko kwenye sili za pistoni ya hewa.

Legeza bolti mbili za chini mizunguko mitatu au minne, usizitoe bado. Acha spana ya L ndani ya bolti na uigonge kwa nyundo ya plastiki mpaka shafti (fimbo ya ndani iliyoshikwa na bolti) iachie, ndipo uzitoe na kuvuta miguu ya chini. Weka beseni. Oili nyeusi kama kahawa ni ya kawaida kwa shokapu iliyosahaulika. Yakitoka matone mawili matatu tu, basi ukavu ndio uliogomesha shokapu. Safisha sponji kwa spiriti ya isopropili, zikamue, zikauke, uziloweke oili mpya. Midomo ya sili ipake grisi ya shokapu, nyembamba. Grisi nzito ya beringi yenyewe huleta msuguano.

Kiasi cha oili hutegemea modeli, aghalabu mililita 5 hadi 20 kila mguu, na miguu miwili huweza kutofautiana. Pima kwa bomba la sindano, usikisie: ikizidi, hewa ya ndani hubanwa na shokapu haifiki mwisho. RockShox, watengenezaji wa shokapu, hutaka kazi hii kila saa 50 za kuendesha. Kwenye vumbi jekundu, iwahi.

WD-40, ile dawa ya kupuliza, kwenye mirija hutelezesha siku moja tu, kisha inakuwa imeosha oili ya sponji.

Mwisho, pitisha ukucha kwenye mirija. Mkwaruzo unaonasa ukucha utakata sili mpya pia, basi usinunue sili kabla ya kujua bei ya mirija.