Kesi ya Texas haifutwi na mke, hata akilipia hati ya kiapo

SWALI: Wakili, mimi na mume wangu tunaishi Houston na watoto wawili. Mwezi uliopita tuligombana, akanikaba shingo kwa sekunde chache tu, nikapiga 911, simu ya dharura. Sikuumia, hata alama sikubaki nayo. Sasa karatasi ya mashtaka inasema feloni (kosa kubwa la jinai) ya daraja la tatu, na hakimu ametoa amri asikanyage nyumbani kwa siku 61. Nimeshamsamehe, na wazee wa pande zote mbili wameongea nasi kwa simu. Kuna kaka mmoja kwenye jumuiya yetu anasema nikimpa dola 600 ataniandikia hati ya kiapo ipigwe muhuri, kesi ifutwe. Anasema pia mume akikiri na kupewa hukumu iliyoahirishwa, hafungwi na rekodi yake inabaki safi. Mume ana grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu), si raia. Je, nimlipe? Na mume anaweza kuja kuchukua nguo zake za kazi ikiwa mimi mwenyewe nimekubali? (Mama Wawili, Houston)

JIBU: Mama Wawili, usimlipe huyo kaka hata senti moja. Naanza na hilo kwa sababu maswali ya aina hii yananifikia mfululizo, na mengi yananifikia pesa ikiwa imeshatoka, hati imeshapigwa muhuri, na kesi iko pale pale.

Kesi hiyo si yako. Jalada limeandikwa Jimbo la Texas dhidi ya mume wako, na wewe umo ndani kama shahidi, basi. Anayeamua iendelee au iondolewe ni mwendesha mashtaka wa Kaunti ya Harris, ilipo Houston, na msamaha wako haumlazimishi lolote. Imani kwamba aliyepigwa ndiye mwenye kesi tumetoka nayo nyumbani, na siwalaumu watu kwa hilo. Kenya, kifungu cha 176 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinairuhusu mahakama kuhimiza suluhu katika shambulio la kawaida, na kifungu cha 204 kinampa mlalamikaji nafasi ya kuomba kuondoa malalamiko. Tanzania nayo ina kifungu cha suluhu kinachofanana na hicho. Watu wameona kesi zikirudishwa kwa wazee, faini ikalipwa, faili likafungwa. Mlango huo Texas haupo. Wazee wakikaa nanyi, wakae kwa ajili ya ndoa yenu. Mahakamani kikao chao hakihesabiki.

Hati anayokuuzia ipo kweli. Ni kiapo ambacho aliyeumizwa anasema hataki mshtakiwa aendelee kushtakiwa. Mwendesha mashtaka huipokea, huisoma, huiweka kwenye mizani pamoja na mambo mengine, kisha anaamua anavyoona yeye. Na huhitaji kulipa mtu: ofisi ya mwendesha mashtaka ina mratibu wa kusaidia waathirika, na kuongea naye ni bure. Ukitaka kusema umesamehe, unahitaji pesa za mume za kulipia kodi, au unaogopa, mwambie yeye kwa maneno yako mwenyewe.

Kinachonikera ni maneno wanayoyaandika hawa wauza hati. Nyingi nilizoziona zimechapwa kutoka karatasi moja: "Nilikuwa na hasira, nikawadanganya polisi, hakunigusa." Ukisaini hayo na si kweli, umekula kiapo cha uongo, na hilo peke yake ni kosa linaloweza kukupeleka jela ya kaunti hadi mwaka mmoja. Ukisema ni kweli, basi umekiri kwamba uliwapa polisi taarifa ya uongo, nalo ni kosa. Yaani umelipa dola 600 ili uchague kosa la kushtakiwa nalo wewe. Mume wako au ndugu zake wakikushinikiza usaini, au wakikuahidi chochote ili usitoe ushahidi, wao wameingia kwenye kosa la kuvuruga shahidi, ambalo katika kesi ya ukatili wa kifamilia ni feloni. Kabla ya kukaa tena na huyo kaka, jiulize ni nani hasa anayelipa hizo 600.

Halafu watu wanadhani shahidi akinyamaza kesi inakufa. Haifi. Simu yako ya 911 imerekodiwa, na tangu uamuzi wa Davis dhidi ya Washington wa mwaka 2006, Mahakama Kuu ya Marekani imekubali kwamba maneno ya mtu anayeomba msaada wakati hatari bado ipo yanaweza kusikilizwa na baraza la mahakama (wananchi wanaoamua kesi) hata kama mwenyewe hakuja kutoa ushahidi. Kuna kamera kifuani kwa polisi aliyefika mlangoni, kuna picha, kuna maelezo ya wahudumu wa gari la wagonjwa. Na wewe mwenyewe unaweza kuitwa kwa hati ya wito. Ile haki ya mke kukataa kumshuhudia mumewe haifanyi kazi Texas pale mume anaposhtakiwa kwa kumtendea kosa mkewe huyo huyo.

Sasa hili la "sikuumia". Katika sheria ya jinai ya Texas, maumivu ya mwili tu ni jeraha. Havihitajiki damu wala mfupa uliovunjika. Mume akimsukuma mkewe ukutani, mke akasikia maumivu, hilo ni shambulio, misdimina (kosa dogo kuliko feloni) ya Daraja A: jela hadi mwaka mmoja na faini hadi dola 4,000. Vitisho, au kumgusa mtu kwa namna ya kumuudhi bila kumuumiza, kwa kawaida ni Daraja C, faini isiyozidi dola 500. Shingo haiko kwenye ngazi hizo. Tangu 2009, kumbana mwanafamilia kooni au kumziba pua au mdomo hadi pumzi au damu ikazuilika ni feloni ya daraja la tatu hata kama ni mara ya kwanza: miaka 2 hadi 10 gerezani na faini hadi dola 10,000. Mahakama ya Rufaa ya Jinai ya Texas imeshasema si lazima pumzi ikatike kabisa. Kwa hiyo sekunde chache zako zinatosha kuwa shtaka.

Na wabunge hawakuamua hivyo kwa ukali tu. Uchambuzi wa majalada 300 ya kesi za kukabwa huko San Diego, California, uliochapishwa 2001, ulikuta nusu ya waliokabwa hawakuwa na alama yoyote ya kuonekana. Mshipa wa shingo unaweza kuchanika kwa ndani na kuleta kiharusi siku kadhaa baadaye. Kama sauti yako ilikwaruza, ukapata shida kumeza, au kichwa kinauma bila kuacha, nenda hospitali leo, uwaambie neno lenyewe: nilikabwa.

Ngazi nyingine nazipita haraka. Mwenye hukumu ya zamani ya ukatili wa kifamilia akirudia, hata kwa kofi, linakuwa feloni ya daraja la tatu. Akirudia kwa kukaba, daraja la pili, miaka 2 hadi 20. Matukio mawili ya kuumiza ndani ya miezi 12 yanaweza kuunganishwa kuwa kosa moja la ukatili wa mfululizo, feloni pia, hata kama hakuwahi kukamatwa kwa lolote kati ya hayo, na wajumbe wa baraza hawalazimiki kukubaliana ni matukio yapi hasa. Silaha ya hatari pamoja na jeraha kubwa vinafikisha daraja la kwanza: miaka 5 hadi 99, au maisha. Na msije na hoja ya "hatujafunga ndoa". Mchumba, mtalaka, mzazi mwenzio, shemeji mnayeishi naye nyumba moja, wote sheria inawahesabu.

Amri ya siku 61 ndiyo mtego unaowanasa wengi. Karatasi yenyewe inasema hakuna mtu, hata yule anayelindwa na amri, anayeweza kumruhusu mwingine aivunje. Ruhusa yako haina kazi. Mume akifuata nguo na jirani akapiga simu, anakamatwa kwa kosa jipya la Daraja A, na dhamana yake ya kwanza inaweza kuondoka. Kwa mwenye grini kadi ni zaidi ya hapo: sheria ya uhamiaji inaruhusu kumfukuza nchini mtu ambaye mahakama imeona amekiuka sehemu ya amri inayomlinda mwingine dhidi ya vitisho, kubughudhiwa au kuumizwa, hata bila hukumu ya hatia. Nguo zipangiwe na wakili wake, ambaye pia anaweza kumwomba hakimu abadilishe masharti. Wewe usipeleke mfuko kwenye maegesho.

Nimefika kwenye ushauri wa pili wa huyo kaka, na huu ndio unaovunja familia nyingi kuliko gereza lenyewe. Hukumu iliyoahirishwa inasikika tamu. Mshtakiwa anakiri au anasema hapingi, hakimu hamtii hatiani, anamweka chini ya uangalizi kwa muda, akimaliza vizuri kesi inaondolewa. Ni kweli hafungwi gerezani. Ila kwa sheria ya uhamiaji ya Marekani, kukiri mbele ya hakimu pamoja na masharti aliyowekewa tayari ni hukumu ya hatia, hata kama Texas yenyewe inasema hakuna hukumu. Ukatili wa kifamilia ni mojawapo ya misingi ya kumfukuza mtu nchini. Itategemea kifungu alichokiri na maneno yaliyoandikwa kwenye shtaka. Rekodi nayo haibaki safi: ikiwa imeandikwa kwamba kosa lilikuwa la ukatili wa kifamilia, Texas hairuhusu kuifunga isionekane na waajiri. Na siku akikosea tena, ile iliyoahirishwa inahesabiwa kama hukumu ya zamani, na kofi linakuwa feloni.

Nimeona madereva wa malori, wauguzi na walinzi wakikubali masharti haya dakika kumi kabla ya kuitwa mbele ya hakimu, kwa sababu mtu wa jumuiya aliwaambia "kubali tu, utoke". Mlinzi anayebeba bastola kazini ana tatizo lake tena: sheria ya shirikisho ya 1996 inamnyang'anya haki ya kushika bunduki yeyote aliyetiwa hatiani kwa ukatili wa kifamilia, hata kama ni misdimina.

Watu hawa wanaojiita washauri wana muhuri wa notari na lugha nzuri. Muhuri wa notari wa Texas unathibitisha kwamba wewe ndiye uliyesaini. Notari si wakili. Kutoa ushauri wa sheria kwa malipo bila leseni ni kosa la jinai katika jimbo hili, na kujitangaza kuwa wakili wakati si wakili ni feloni. Kabla ya kumpa mtu pesa, omba namba yake ya leseni uitafute kwenye orodha ya Chama cha Mawakili cha Jimbo la Texas. Iko mtandaoni na haina malipo. Akianza kukasirika, umeshapata jibu lako.

Kwa upande wako, Mama Wawili, wakili wa mume ni wa mume. Usimweleze kana kwamba ni wako. Kama makaratasi yako ya uhamiaji yanamtegemea mume, sheria ya shirikisho ya 1994 inamruhusu mke wa raia au wa mwenye grini kadi aliyetendewa ukatili kujiombea mwenyewe makaratasi hayo, bila mume kusaini wala kujua. Simu ya taifa ya ukatili wa kifamilia ni 1-800-799-7233, saa zote, na wanatafuta mkalimani ukiomba.

Tangu uamuzi wa Padilla dhidi ya Kentucky wa 2010, wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia hatari ya kufukuzwa nchini kabla hajakiri. Asipokuwa na uwezo wa kumlipa wakili, mahakama itampa mmoja, na wajibu ni ule ule. Mume wako amwandikie barua pepe wakili wake wiki hii, amuulize: nikikubali hiki ninachopewa, uhamiaji watakiita nini? Asisaini chochote kabla jibu halijarudi kwa maandishi.