Msafisha taa na mapinduzi: maswali yenu kuhusu Erich Mühsam

Maswali mengi ya safari hii yanahusu shairi moja la Mjerumani Erich Mühsam, mshairi na anakisti, la mwaka 1907. Kwa ambaye hajalisikia: msafisha taa za barabarani anajiunga na wanamapinduzi, kofia kailaza kwenye sikio la kushoto, anajiona mtu hatari kwelikweli. Wenzake wanapoanza kung'oa taa za gesi ili waweke vizuizi barabarani, anawaomba waziache. Wasipoziacha, yeye hachezi tena. Wanamcheka, taa zinaanguka. Anarudi kwake akilia, anajifungia na kuandika kitabu cha jinsi ya kufanya mapinduzi huku taa zikiendelea kusafishwa. Kijembe hicho kilirushwa kwa Wasoshalisti wa SPD, chama cha Ujerumani.

Mshairi wa Kijerumani atuhusu nini sisi wa Tanga? (Ngamiani)

Wajerumani hawakuwa wamoja. Abushiri aliponyongwa Pangani, Desemba 1889, Mühsam alikuwa mtoto wa miaka 11 mjini Lübeck, baba yake mwenye duka la dawa. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alikwisha kutuachia utenzi wa jinsi Wadachi walivyoitamalaki Mrima. Huyu ni wa upande wa pili: Mdachi aliyepigana na dola hiyohiyo akiwa ndani yake, na ikamuua. Shule ilimfukuza mwaka 1896 kwa sababu alipeleka habari za shuleni kwenye gazeti la Wasoshalisti. Halafu akasomea kazi ya dawa, kama baba alivyotaka, na mwaka 1901 akaitupa akahamia Berlin kuandika.

Alikuwa anakula nini? Mtu anaishije kwa mashairi? (Bagamoyo)

Kwa shida, na kwa kukopa. Watu husikia maisha ya kibohemia, ya wasanii wasiofuata kanuni za jamii, wakadhani ni mvinyo na usingizi, lakini kitabu cha hesabu cha Mühsam kingekuwa na mistari minne tu: fedha kidogo za nyumbani zilizokuja na manung'uniko ya baba, malipo ya kusoma mashairi kwenye kumbi za burudani za usiku, makala za magazeti, na madeni. Ofisi yake ilikuwa mkahawa: Café des Westens kule Berlin, baadaye Café Stefanie mjini Munich, alikocheza sana sataranji. Ni kijiwe cha kahawa, ila wahudumu wake walijua nani amelipa na nani bado.

Kumbi hizo zilimfunza ufundi. Mlevi wa saa tano usiku hasikilizi shairi lisilo na vina, wala hasubiri beti kumi ndipo acheke. Ndiyo maana mashairi yake ya utani ni mafupi, yana mizani thabiti, na pigo huja mwishoni. Aliwahi hata kuwatungia wala mboga wa Ascona, Uswisi, alikokaa kwa muda, wimbo wa ulevi usio na kileo. Gazeti lake la kila mwezi, Kain, lilianza 1911 na aliliandika peke yake. Vita vilipozuka 1914 alilisimamisha.

Anakisti si ndiyo mtu wa fujo? (Muheza)

Hapana. Ni anayeona kwamba watu wanaweza kupanga mambo yao kwa hiari bila dola kuwakalia juu. Mühsam aliipata fikra hiyo hasa kwa rafiki yake Gustav Landauer. Aprili 1919 wote wawili walikuwa mstari wa mbele wa Jamhuri ya Mabaraza, serikali ya mabaraza ya wafanyakazi na askari, kule Bavaria. Mühsam alikamatwa tarehe 13 mwezi huohuo, akahukumiwa miaka 15, akatoka kwa msamaha Desemba 1924. Landauer aliuawa na askari tarehe 2 Mei 1919. Huenda kukamatwa mapema ndiko kulikomwokoa Mühsam.

Nataka kulileta shairi la msafisha taa kwa Kiswahili. Utenzi au tarbia? (Chumbageni)

Utenzi, bila kusita. Hesabu ubeti wake wa kwanza: mishororo miwili ya mwanzo ina silabi nane nane, miwili ya mwisho saba saba. Nane ndiyo mizani ya utenzi wetu, kwa hiyo nyumba imeshajengwa. Tarbia ya mizani 16 itakulazimisha ukunje beti zake mbili kuwa moja na ujazie maneno ya kupoteza nafasi. Ukiweka na kituo kinachorudiwa, umeharibu kabisa, maana kichekesho kipo ubeti wa mwisho nawe utakuwa umekitangaza tangu wa kwanza.

Tazama mwanzo huu:

Palikuwa mpinduzi,
kusafisha taa kazi,
kofia kaipa pozi,
yu na wenziwe njiani.

Vina vitatu vya "zi", kisha "ni" ya bahari ambayo itabidi uibebe hadi mwisho. Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza, kuandika "palikuwa na mpinduzi": hapo zimekuwa tisa, kwa kuwa "m" ya "mpinduzi" inahesabiwa. La pili, kuihesabu "taa" moja, ni mbili.

Kuna kitu utakipoteza, ukubali tu. Mishororo yake ya silabi saba inakatika kwenye mkazo, kama mlango uliobamizwa. Mkazo wetu hukaa silabi ya pili toka mwisho, kwa hiyo kila kipande kinashuka taratibu. Usilazimishe saba. Baki na nane, na ukali uuhamishie kwenye kipande cha nne.

Ni kweli alijinyonga? (Pangani)

Hapana. Alikamatwa tarehe 28 Februari 1933, saa chache baada ya bunge la Berlin kuungua, akateswa na Manazi kambi hadi kambi. Usiku wa kuamkia 10 Julai 1934 aliuawa na walinzi wa kambi ya Oranienburg, kisha mwili ukatundikwa chooni ili ionekane kajiua. Mkewe Zenzl alikimbilia Prague, halafu Moscow. Huko nako utawala wa Stalin ukamtia vifungoni, na hakurudi Ujerumani hadi miaka ya 1950.

Nasoma Kijerumani. Nianzie wapi? (Raskazone)

Usianzie kwenye shajara zake za 1910 hadi 1924. Zimechapwa juzuu 15, na zimejaa majina ya watu wa mkahawani ambao huwajui. Anza na mashairi ya utani, uyasome kwa sauti, ndipo uingie ya gerezani. Ukitaka kutafsiri, huhitaji kibali cha mtu: hakimiliki ya Ujerumani hudumu miaka 70 baada ya kifo, na yake ilikwisha na mwaka 2004. Tafsiri itakuwa mali yako, ila jina lake liweke juu.