Jibu: Uanagenzi wa shahada ya programu Uingereza, kazi au chuo?

Ndugu, umeuliza kama binti yako aliyeko Leicester, akiingia uanagenzi wa shahada (kazi ya kuandika programu pamoja na masomo ya digrii), atahesabika mwanafunzi au mfanyakazi. Mfanyakazi. Mkataba wa ajira kwanza, chuo baadaye, kwa hiyo aombe kwenye kampuni, si UCAS (mfumo wa kuomba vyuo vikuu huko). Ada hailipi, mkopo wa wanafunzi hapewi, mshahara anapokea. Kwa kawaida wanataka awe ameishi huko kihalali miaka 3 iliyotangulia.

Wengi hawakwami kwenye kuandika programu, wanakwama kwenye muda. Saa za masomo ni sehemu ya saa za kazi, lakini siku ya kutoa toleo jipya la programu ikikaribia utasikia "nimalizie hii tiketi (kazi ndogo aliyopangiwa) kwanza", na siku ya chuo imeliwa. Aifunge kwenye kalenda ya timu tangu wiki ya kwanza.

Ushahidi wa tathmini ya mwisho auandike kila Ijumaa: tiketi ipi, kwa nini alichagua njia ile, jaribio lipi lilifeli. Historia ya Git (chombo kinachotunza kumbukumbu za mabadiliko ya programu) pekee haitoshi. Inaonyesha kilichobadilika, haionyeshi alivyoamua. Picha za skrini zenye taarifa za wateja asizipeleke chuoni kabisa.

Akipunguzwa kazini, chuo kinaweza kuendelea naye hadi wiki 12 akitafuta mwajiri mwingine.