Binti Yangu Anasema Anamwelewa Aliyeua

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Naishi Nkuhungu, hapa Dodoma. Binti yangu yuko kidato cha tatu. Jumamosi iliyopita aliangalia na wenzake filamu ya Kimarekani, ya msichana wa shule anayetamani kukubaliwa na kundi la wasichana wenye jina. Anakataliwa, mwishowe anamuua mmoja wao. Wanasema ni kisa cha kweli cha huko California. Usiku tukichambua mchele akaniambia, "Mama, mimi yule aliyeua namwelewa." Nilishtuka, nikampokonya simu. Je, kuangalia filamu ile ni haramu? Na je, binti yangu ana dhambi ya husuda?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Shukrani zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Kwenye filamu sitakaa sana. Kisa hakiwi haramu kwa sababu tu ndani yake mna mauaji; Qur'ani imetusimulia Qabil alivyomuua Habil. Kama ina uchi, au inaufanya uuaji uonekane ushujaa, aiache.

Lililonigusa ni ile kauli aliyokwambia mkiwa kwenye ungo. Binti anakwambia kwamba njaa ya yule msichana anaijua. Na njaa hiyo imo katika Qur'ani. Ndugu zake Yusuf (a.s.) walisema: "Muueni Yusuf, au mtupeni nchi ya mbali, ili uso wa baba yenu uwaelekee nyinyi tu" (Yusuf: 9). Shamba halikutajwa, mifugo haikutajwa, ni uso wa baba tu. Kisha katika aya hiyo hiyo wakaongeza kwamba baada ya hapo watakuwa watu wema! Kila nikifika hapo nasita kusoma. Watu wanapanga kumuua ndugu yao, na toba wameshaiwekea miadi.

Umaarufu wa shuleni ndio uso huo. Mwenzako akipita anaitwa jina kutoka kila dirisha, picha yake ina laiki mia mbili, yako ameipenda shangazi peke yake. Mtume (s.a.w.) amesema kwamba mbwa mwitu wawili wenye njaa walioachiwa kwenye kundi la kondoo hawaliharibu zaidi ya pupa ya mtu juu ya mali na cheo inavyoiharibu dini yake (Tirmidhi). Sisi tuliokulia Kondoa tukichunga, tunajua fisi mmoja tu akiingia zizini usiku, asubuhi unakuta nini.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nafundisha madrasa. Asubuhi ya mashindano ya kuhifadhi, mtandio mweupe wa binti mmoja ulikutwa umechanwa kwa wembe, michano minne iliyonyooka kama ya rula. Aliyeuchana alikuwa mwanafunzi wangu mtulivu kuliko wote. Nilipomkalisha chini, hakumsema vibaya mwenzake hata kidogo. Alisema, "Yeye kila mtu anamjua jina. Mimi hata wewe ustadhi unaniita 'wewe wa nyuma'." Ilikuwa kweli. Nilimwadhibu kwa aliyoyatenda, lakini usiku ule sikulala vizuri.

Sasa hukumu. Husuda ni kutamani neema imwondokee mwenzako. Kutamani nawe upate kama yake, yeye abaki nayo, ni ghibta, na haina ubaya. Na hata husuda ikipita moyoni na mtu akaichukia, Mtume (s.a.w.) ametuambia Allah ameusamehe umma wake yale ambayo nafsi zao zinajisemea, maadamu hawajayatenda wala kuyatamka (Bukhari na Muslim). Binti kumweleza mama yake yaliyomo moyoni siyo kutamka kunakokusudiwa hapo. Ni mgonjwa anaonyesha jipu lake.

Yule msichana wa California, Juni 1984, alimchoma kisu mwanafunzi mwenzake, akakaa kimya karibu nusu mwaka. Alipokiri, alikiri kwa barua aliyomwandikia mama yake. Wewe, dada yangu, umeambiwa kwa mdomo, jikoni kwako, na hakuna aliyeguswa. Ukimwadhibu kwa kusema, safari nyingine hatasema.

Mrudishie simu. Mwambie ulishtuka kwa sababu unampenda, kisha umuulize ni nani anayemwonea wivu, na umsikilize mpaka amalize.

Halafu mfundishe jambo hili. Sahaba Sahl bin Hunayf alikuwa anaoga, sahaba mwenzake Amir bin Rabia akaiona ngozi yake akaistaajabia, na Sahl akaanguka pale pale kwa kijicho. Mtume (s.a.w.) akakasirika, akauliza: "Kwa nini mmoja wenu anamuua ndugu yake? Mbona hukumwombea baraka?" Neno alilolitumia ni kuua. Basi binti akiona picha ya yule mwenzake, amtaje kwa jina na kumwombea: Allahumma barik lahaa. Siku za kwanza itatoka mdomoni tu, moyo umekaza. Aendelee hivyo hivyo.

Na mkikaa tena kuchambua mchele, akianza kuzungumza, weka ungo chini umtazame usoni.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.